Mrejesho: barua ya kuomba huduma ya kiwewe (jeraha la kihisia) inayomfaa mwenye usonji (autism)

Niliuliza namna ya kukiomba kituo cha ushauri nasaha kimhudumie ipasavyo manusura wa ukatili mwenye usonji. Asanteni kwa ushauri, niliwaandikia barua na kituo kimejibu. Maneno kama "mumwelewe" hayasaidii. Yaliyokubaliwa ni maombi yanayopimika: maswali yatumwe kwa maandishi kabla ya kikao, mshauri na chumba visibadilike, taa ya tyubu inayovuma izimwe, aruhusiwe kujibu kwa kuandika. Msisahau mstari huu, ndio uliobeba barua: kutomtazama mtu machoni si dalili ya uongo. Swali la "Unajisikiaje?" nalo hukwamisha, kwani wengi wenye usonji hupata shida kuzitaja hisia, afadhali kuuliza habari za mwili, tumbo limekaza? mikono ina baridi? Kugawa kikao cha saa nzima kiwe viwili, hapo bado wamegoma.