Kumfunga kibaka kunapunguza wizi mtaani au kunatuongezea wezi?

Wakuu, naileta hii mada maana jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Wengi wanasema kibaka apigwe kifungo kirefu atie akili. Mimi nakataa.

Kuna dogo mtaani kwetu, nimemuona anazaliwa. Alidakwa na betri ya bodaboda akiwa na miaka 19. Dhamana ilikuwa wazi ila mama yake anauza vitumbua, hakupata wadhamini wenye vigezo, basi dogo akakaa mahabusu miezi saba, kila akishushwa kwenye karandinga mahakamani ni upelelezi haujakamilika, kesi inapigwa kalenda, anarudishwa ndani. Mwisho akakiri kosa ili yaishe, akapewa miezi sita mingine. Nilienda kumuona mara mbili na sabuni na dawa ya mswaki. Mara ya kwanza alilia mpaka akashindwa kuongea. Mara ya pili macho makavu, ananiambia anko humu ndani kuna watu wana akili sana. Niliogopa kweli, maana waliokuwa wanalala nae ni wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Leo yuko nje na anatembea na genge linalovunja nyumba za watu.

Sasa Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu 2002. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kumwacha nje akafanya kazi za jamii bila malipo, akiridhia mwenyewe, chini ya usimamizi. Afagie soko, achimbe mtaro, jioni alale kwao, mama yake amuone. Kwanini hili halikufanyika kwa yule dogo? Disemba 2019 hayati Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 siku moja kwenye sherehe za Uhuru, nilifurahi sana, ila mpaka leo najiuliza kama watu wote hao waliweza kutoka kwa siku moja, kweli wote walikuwa na ulazima wa kuingia?

Najua mtaniuliza, na aliyeibiwa je? Swali la haki kabisa. Mwenye ile betri nae ni kijana wa boda, alikosa hesabu ya bosi siku nne na betri mpya alinunua kwa kukopa. Dogo kukaa ndani mwaka mzima hakukumrudishia hata mia. Angeachwa nje alipe kidogo kidogo, yule kijana angepata chake. Wabakaji na wakata watu mapanga wafungwe, hapo sina ubishi.

Humu najua kuna wanaofanya kazi mahakamani na magereza. Njooni mtuambie, kinachokwamisha huduma kwa jamii ni nini hasa, maafisa wa kuwasimamia hawatoshi au sisi wananchi ndo hatuamini mtu kaadhibiwa mpaka tumuone kapanda karandinga?