Naombeni ushauri: mbinu za shairi nazitaja zote, alama sipati

Binti_Mwaka1:
Wakuu habari za majukumu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma fasihi ya Kiingereza. Ushairi wa zamani unanitesa. Dhamira naipata bila shida, mbinu nazo nazijua: sitiari, tashibihi, tashihisi, takriri, natiririka tu. Lakini kila kazi ikirudi nakuta wino mwekundu pembeni: "Umeitaja. Inafanya kazi gani hapa?"

Safari hii tumepewa "Ozymandias" ya Percy Bysshe Shelley, kurasa mbili. Nimeandika kwamba mamlaka hayadumu, nikakwama hapo hapo. Nianzie wapi? Tafadhali msinirushie PDF za maswali na majibu, ninazo mpaka simu imejaa.

Kapuku Msomi:
Mamlaka hayadumu, basi umemaliza, kalale. Tatizo ni hizo kurasa mbili. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

Kobe wa Pwani:
Mdogo wangu, anza na historia. Ozymandias ni jina ambalo Wagiriki walimwita Ramses II, farao wa Misri, na shairi linasema juu ya sanamu yake iliyovunjika jangwani. Shairi lilitoka gazetini London, The Examiner, Januari 1818. Rafiki yake Horace Smith naye aliandika la kwake juu ya sanamu hiyo hiyo, wakishindana, likatoka gazeti lile lile mwezi uliofuata. La Smith leo nani analikumbuka?

Sasa angalia Uingereza ya wakati ule: George III yuko kwenye kiti lakini akili imemtoka, mwanawe ndiye anayetawala kwa niaba yake. Shelley hakuwapenda wafalme hata kidogo. Mwaka 1819 aliandika soneti nyingine (soneti ni shairi la mishororo 14, kama hili lako) akimshambulia mfalme huyo waziwazi, ikakaa bila kuchapwa mpaka 1839, yeye keshakufa maji Italia tangu 1822. Kwa hiyo Misri ile ni pazia, anayesemwa yuko London.

MwalimuMstaafu:
Kobe, hayo ni kweli, ila akiyafuata yote atajaza kurasa mbili za historia na wino mwekundu utarudi. Historia impe sentensi mbili, tatu. Na asiandike kwamba Shelley aliiona sanamu kwa macho yake, nimesahihisha sana kosa hilo. Misri hakufika, na kichwa kile cha Ramses kilichopo makumbusho ya London kilifika huko shairi limeshachapwa.

Binti, weka kando orodha ya mbinu. Soma shairi kwa sauti, kisha jiulize: nani anaongea? Mshairi anasema amekutana na msafiri. Msafiri anasimulia sanamu. Kwenye sanamu kuna kazi ya mchongaji, na chini yake maneno ya mfalme. Yaani majigambo ya mtu aliyejiita mfalme wa wafalme yanatufikia kwa kupitishwa mdomo hadi mdomo, mwenyewe hayupo. Hapo mbinu ya usimulizi inafanya kazi ya dhamira, na hujataja hata sitiari moja.

Halafu nenda mshororo wa 11 na wa 12. Mfalme anawaambia wenye nguvu watazame kazi zake wakate tamaa. Mshororo unaofuata unaanza na "Nothing beside remains" (hakuna kingine kilichobaki), kisha nukta, katikati ya mstari. Kiingereza hakihesabu mizani kama sisi tunavyohesabu 8 kwa 8. Silabi ni 10, lakini kinachosikilizwa ni mkazo: kwa kawaida silabi hafifu hutangulia, yenye mkazo hufuata, mara tano. Hapa mkazo unaangukia silabi ya kwanza, "No-". Unajikwaa. Baada ya nukta hiyo sentensi inayofuata haikomi mwisho wa mstari, ni mishata, inamwagika mpaka mchanga unapotoweka machoni.

Mlenga:
Naongezea vina. Soneti ya Kiingereza mliyozoea kwa Shakespeare inafungwa kwa mishororo miwili yenye kina kimoja. Shelley hakufunga hivyo. Vina vyake vinaingiliana ovyo, vingine havikai sawa kabisa: "stone" na "frown", "appear" na "despair". Wapo watakaosema ni uzembe. Mimi naona umbo lenyewe limepasuka kama sanamu, ila hiyo ni hoja ya kutetea, usiiandike kama amri.

Binti_Mwaka1:
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu aya moja, naomba mnikosoe:

"Shelley anatumia takriri ya konsonanti katika 'boundless and bare' na 'lone and level' ili kuonyesha mandhari ya jangwa vizuri na kumvutia msomaji."

MwalimuMstaafu:
"Vizuri" na "kumvutia msomaji" futa, zinafaa shairi lolote duniani. Jiulize b mbili na l mbili zinamfanyia nini huyu mchanga. Sauti inajirudia, jicho nalo halikuti kipya: kila upande ni kilekile, hakuna hata tofali la zile kazi tulizoambiwa tuzitazame. Andika hivyo kwa maneno yako.

Binti_Mwaka1:
Mwalimu, naweza kulinganisha na Al-Inkishafi, ule utenzi wa Kiswahili? Sekondari tulisoma beti za majumba ya Pate.

Kobe wa Pwani:
Hapo sasa! Madaka ya kuwekea sahani yamekuwa viota vya ndege, bundi anakoroma ndani ya nyumba. Magofu yale yale.

MwalimuMstaafu:
Unaweza, ila usiishie kusema yanafanana. Sayyid Abdalla, mtunzi wa Al-Inkishafi, anausema moyo wake mwenyewe, anauogopesha kwa kifo na akhera. Shelley hajisemi, anamcheka mtawala, na akhera haimo. Aya moja inatosha, tena muulize kwanza mhadhiri wako kama swali linaruhusu. Na kila unaponukuu weka namba ya mshororo.

Kapuku Msomi:
Mwalimu, na mimi nina la Keats hapa, naweza kulitupia?

MwalimuMstaafu:
Fungua uzi wako.