Passau mpaka Linz kwa baiskeli siku moja, kuna aliyewahi?

binti_igoma: Habari zenu wadau. Nipo München mwaka wa tatu sasa, ila nimekulia Mwanza, baiskeli nimejifunzia Phoenix ya babu kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Safari yangu ndefu kabisa ni km 60. Wifi yangu anakuja mwezi wa saba, tunataka tufuate mto Danube, tutoke Passau (Ujerumani) asubuhi tulale Linz (Austria), naona ni kama km 100. Tutaweza na baiskeli za kawaida za gia 7? Halafu kwenye ramani naona njia iko pande zote mbili za mto, tushike upi?

mzee_wa_pedali: Dada mtaweza kabisa. Njia karibu yote ni lami na tambarare, sehemu nyingi ni zile njia za zamani ambazo farasi walipita wakivuta mashua kupandisha mto, na upepo mara nyingi unatoka magharibi kwa hiyo unawasukuma mgongoni. Mkienda km 15 kwa saa ni saa 7 za kupiga pedali tupu, bado kula na kupumzika, basi ondokeni saa 1 asubuhi.

Kitu cha kuogopa ni pantoni, km 100 zenyewe zinaendeka. Upande wa kaskazini ndio mzuri, ila mkifika kijiji cha Au njia ya baiskeli inakatika kabisa, msitu unashuka mpaka kwenye maji, lazima mpande kivuko, ama mvuke tu kwenda Schlögen upande wa kusini ama mchukue kile kinachoteremka na mto hadi Grafenau. Vinafanya kazi msimu wa joto na mchana tu. Mimi nilifika pale jioni nikakuta cha mwisho kimeshaondoka, gati tupu, hakuna hata mtu wa kumuuliza, ikabidi nirudi nyuma mpaka daraja la Niederranna giza linaingia na taa yangu ya mbele imeisha chaji. Kwa hiyo mkifika hilo daraja angalieni saa, kama mmechelewa vukeni hapohapo mshike kusini, huko njia haikatiki.

mama_spoku: Naongezea. Msiende Jumapili bila chakula, maduka yanafungwa Ujerumani na Austria pia, bebeni ndizi na chapati zenu. Na Schlögen msipite tu jamani, fungeni baiskeli mpande kwa miguu kama nusu saa mkaone mto unavyokata kona na kurudi ulikotoka, jiwe la pale ni gumu mno maji yakalazimika kulizunguka.

Tyubu za akiba mbili. Mimi baada ya mji wa Aschach, mbele ya Schlögen, nilipata pancha, nikabadilisha tyubu, dk 10 nyingi ikatoboka tena. Kumbe kuna kiwaya chembamba kama unywele kimebaki kwenye tairi. Pitisha kidole ndani ya tairi lote, taratibu, ndio uweke tyubu mpya.

kaka_wa_ughaibuni: Dada beba pasi na kadi ya ukaazi, zote mbili, na wifi pasi yenye viza. Kwenda hamtaona hata mpaka uko wapi, ila kurudi kwa treni polisi wa Ujerumani wanakagua, sisi ndio tunaoulizwa kwanza. Na kwenye treni baiskeli inakatiwa tiketi yake.

binti_igoma: Asanteni sana, mmeniokoa, hiyo habari ya Au sikuiona popote. Tumeamua tulale Passau Ijumaa, Jumamosi saa 1 tuko barabarani. Wifi anauliza eti Ottensheim kuna pantoni haina injini?

mzee_wa_pedali: Ni kweli, imefungwa kwenye waya uliovuka mto, nahodha anailaza kidogo tu mkondo wa maji unaisukuma mpaka ng'ambo, Wilhering. Hausikii muungurumo wowote, maji tu. Hapo Linz imebaki kama km 10.