Tupeane uzoefu: fainali ya UEFA uliyoondoka kabla haijaisha, ilikuwaje?

#1, mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Kila mwaka ikikaribia fainali ya UEFA tunabishana nani ana makombe mengi, mimi leo nataka kitu kingine, nataka niwasikie wale waliotoka banda umiza, waliozima tv wakalala, waliokatikiwa na umeme, halafu mpira ukageuka wao hawapo. Naanza mimi.

25 Mei 2005, Jumatano, niko kidato cha pili, tunakaa Buguruni. Milan na Liverpool, Istanbul. Mechi inaanza saa 3:45 usiku na kule Uturuki nako ilikuwa saa hiyohiyo, kwa hiyo usiku wao ndio usiku wetu. Braza wangu alinilipia kiingilio, shilingi 300 kila mmoja, wote wawili Liverpool toka tunazaliwa. Tunatafuta pa kukaa kwenye benchi, hata sijaegesha vizuri, Pirlo kapiga faulo Maldini kaweka. Dakika ya kwanza hiyo! Halafu Crespo, halafu Crespo tena, na ile pasi ya Kaká ya goli la tatu mwenye kumbukumbu anaikumbuka, ilikata timu nzima katikati, Crespo akaidokoa tu juu ya kipa wetu Dudek. Milan tatu bila, mapumziko. Braza akasimama akaniambia twende zetu, kesho una shule.

Tukatoka. Njiani kuna mama alikuwa anakaanga mihogo, braza akanunua ya 400, ndiyo hela iliyokuwa imebaki mfukoni kwake, tukakaa pale kwenye ndoo tunakula na chachandu hatuongei. Tumemaliza tunatembea zetu taratibu mara tukasikia kelele banda la mbele, braza akasema hilo la nne la Milan. Hatujafika hata kona, kelele tena, kubwa zaidi. Nikamuangalia, kanyamaza. Tukaenda kidogo, ya tatu hiyo, yaani mtaa mzima, mpaka mbwa wanabweka. Braza akasimama katikati ya njia akasema hii sio sauti ya watu wa Milan. Tulikimbia wakuu. Nilivua ndala nikashika mkononi.

Tumefika mlangoni kijana anasema aliyetoka katoka, kiingilio upya, na hela imeliwa kwa mama wa mihogo. Tukazunguka nyuma, kwenye bati kulikuwa na tundu la msumari watoto walishalipanua, linatosha jicho moja. Jicho MOJA, watu wawili. Ni tatu tatu, dakika za nyongeza tunapokezana, na Shevchenko wa Milan alipopiga kichwa Dudek akakitema, akapiga tena karibu kabisa na goli Dudek akaokoa tena, aliyekuwa kwenye tundu ni braza, mimi nasikia tu anasema "kaokoa! kaokoa tena! mdogo wangu kaokoa tena!" huku ananikandamiza bega mpaka linauma.

Zikafika penalti tukakubaliana moja wewe moja mimi. Nikaanza mimi, na Milan ndio walioanza kupiga, sasa mnaona ilivyokuwa, mimi nikapata zote za Milan, braza akapata zote za Liverpool. Nimeona Serginho anapaisha, nimeona Dudek anatingisha miguu pale kwenye mstari halafu anapangua ya Pirlo, Tomasson kafunga, Kaká kafunga, na ya mwisho ya Shevchenko aliyopiga katikati Dudek akiwa tayari anaangukia upande akaipangua kwa mkono aliouacha nyuma, kombe letu. Hamann, Cissé na Smicer nilisimuliwa na braza akiwa ameegemea bati. Yaani shabiki wa Liverpool mimi, usiku wa Istanbul, sikuona mpira hata mmoja wa Liverpool unaingia wavuni. Na braza hakumuona Dudek akiokoa penalti. Saa sita na kitu usiku tulirudi nyumbani kila mmoja anamsimulia mwenzie nusu yake.

Karibuni, mwageni na nyie.

#2, Mwanza

Mkuu umenitoa machozi na hilo tundu. Mimi usiku huo nilikuwepo bandani mpaka mwisho na niliwaona watu wakitoka mapumziko, mzee mmoja mwenye baiskeli alirudi dakika ya 60 Alonso alipoumalizia mpira baada ya Dida, kipa wa Milan, kupangua penalti yake, baiskeli kaitupa nje bila kufunga kufuli. Niko hapa nasoma, endeleeni.

#3, Njombe

Vijana mna bahati ya tundu. Sisi 1999 tulikuwa na redio.

Wakati huo nafundisha shule ya msingi kijijini, umeme haujafika, tv iko mjini. Fainali ya Barcelona, Manchester na Bayern, tarehe 26 Mei. Redio yangu ya betri nne, masafa mafupi, mtangazaji anaongea Kiingereza na sauti inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea kwenye upepo, mwalimu mwenzangu na majirani wawili wanasubiri mimi nitafsiri. Betri zenyewe nilizianika juani mchana kutwa, jioni nikazing'ata kidogo kama tulivyokuwa tunafanya ili zipate nguvu. Roy Keane na Scholes hawachezi wana kadi, Basler wa Bayern kafunga kwa faulo dakika ya sita tu, na kuanzia hapo ni kusubiri. Bayern wakagonga mwamba, wakagonga na mtambaapanya, nikawaambia wenzangu leo Manchester hawana chao.

Dakika 90 zimetimia sauti ya redio imeshuka mpaka unaweka sikio juu ya spika. Nikafikiria, asubuhi kuna taarifa ya habari na matangazo ya vifo, mama mmoja jirani alikuwa anasubiri tangazo la msiba wa nduguye, betri zikiisha usiku huu nitamwambia nini. Nikazima. Wenzangu wakaaga wakaenda kulala.

Asubuhi niko barabarani, gari la kwenda mjini likapita, konda ananing'inia mlangoni anapiga kelele "Mwalimu, Sheringham! Solskjaer!" na gari halikusimama. Nilibaki pale na chaki mkononi. Magoli mawili ya Manchester, yote ndani ya dakika tatu za nyongeza, na mimi redio ilikuwa kwenye meza mbele yangu. Yule mama tangazo lake alilipata lakini, saa moja asubuhi, kwa betri hizohizo. Sijawahi kujuta kuzima, ila natamani sana ningewaona nyuso wale wenzangu watatu wakati namtafsiria Solskjaer.

#4, Arusha

Naomba na mimi dada yenu nichangie. Mimi Chelsea, na fainali yangu ni 2012 Munich. Bayern wanacheza kwao uwanja wao, sisi Terry, Ivanovic, Ramires na Meireles wote wana adhabu, kulia na kushoto tumeanza na Kalou na Bertrand, na Bertrand ndio ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa ya UEFA, kwenye fainali jamani. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane, baba yake kasafiri, nimekaa kwenye kochi namnyonyesha na kuangalia. LUKU ilikuwa inasoma unit moja na point, nikajiambia itafika.

Dakika ya 83 Muller kafunga kwa kichwa, mpira umedunda chini ukampita kipa wetu Cech. Nimeshika tama. Bado wanaonyesha marudio, puu, giza. Kununua umeme usiku ule nani angeniuzia, simu haina hela. Nikasema basi na tumeshafungwa, nikalaza mtoto. Nikalala dakika kama mbili hivi nikashindwa. Nikamfunga mtoto mgongoni na kanga, nikatoka kwenda kugonga kwa jirani saa tano na nusu usiku, mwanamke peke yangu, na baridi ya Arusha ya mwezi wa tano mnaijua. Nagonga nasikia ndani wanapiga kelele hawanisikii. Kumbe ndio Drogba huyo, kona ya Mata, dakika ya 88. Bayern walipata kona 20 siku ile na sisi kona MOJA, na hiyo moja ndiyo ikazaa goli, na mimi niko nje nagonga mlango.

Walinifungulia wakidhani kuna mgonjwa. Baba wa pale mtu mzima, mstaarabu sana, hakuuliza kitu, akavuta kiti akasema "kaa mama, penalti hizi utaziona na sisi". Nikaona Cech akidaka penalti ya Robben kwenye muda wa nyongeza, nikaona Mata anakosa ya kwanza yetu kabisa, nikaona ya Schweinsteiger inagonga mwamba, na Drogba anaweka mpira wa mwisho anarudi nyuma hatua chache tu. Mtoto hakuamka mpaka Drogba alipofunga na mimi nikaruka naye mgongoni. Sasa hivi yuko sekondari na ni Chelsea, hakuna aliyemlazimisha.

#5, Tabora

Mimi fupi. 2008 Moscow, Man U na Chelsea, mvua inanyesha uwanjani. Ronaldo kakosa penalti yake, Terry anakwenda kupiga ya tano, akiweka Chelsea bingwa. Anarekebisha kitambaa cha unahodha, anatembea, UMEME UKAKATIKA mtaa mzima. Mimi Man U. Mbali kidogo kulikuwa na baa yenye jenereta nikasikia mlipuko wa kelele, nikajua imeisha, nikapanda kitandani na nguo zangu. Kelele zikaja tena, nikasema wanasherehekea. Tena. Ya mwisho ndio ikanitoa kitandani maana niliisikia sauti ya rafiki yangu naijua vizuri na yeye ni Man U. Nilifika pale baa na boksa na shati, kipa wetu Van der Sar kashadaka ya Anelka, wenzangu wamelala chini kwenye matope. Ile kelele ya kwanza ilikuwa ni sisi, Terry kateleza.

#6, mwanzisha uzi

Dada wa Arusha na mwalimu wa Njombe mmeupandisha huu uzi juu. Mwalimu heshima yako, mimi ningeacha redio iishe. Wa Kenya mko wapi?

#7, Kisumu

Tuko hapa. Salamu kwenu ndugu zetu.

Yangu ni 2019, Madrid, Liverpool na Tottenham, na kwetu hiyo haikuwa mechi ya wazungu tu. Spurs wako na Wanyama kwa benchi. Liverpool wako na Origi kwa benchi, na Origi babake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, na ndugu ya babake ni Austin Oduor, kapteni wa Gor Mahia ile 1987 tukichukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, kombe letu kwa magoli ya ugenini. Mzee wangu hiyo 1987 alikuwa kijana, na jina la Oduor kwa nyumba yetu linatajwa kama la mtu wa ukoo. Kwa hivyo siku hiyo mzee akavaa jezi ya kijani ya Gor, kuangalia Liverpool.

Sasa mechi yenyewe, mlioiona mnajua. Salah penalti dakika ya pili, halafu hakuna kitu. Mpira juu, mpira nje. Wanyama hakuingizwa. Origi aliingia kama saa moja hivi ya mchezo imefika, mzee akapiga makofi mara mbili, akangoja, akaona hakuna, na yeye ni mtu wa kulala mapema, macho yanamuuma. Dakika ya 80 hivi akachukua fimbo yake akasema mtaniambia kesho. Nikamsindikiza na tochi mpaka mlango wa nyumba yake, ni kama hatua hamsini kutoka kwa yangu, nikarudi.

Nimekaa tu, kona, mpira umezungukazunguka pale ndani, Matip kampasia, Origi mguu wa kushoto, chini, kona ya mbali. Dakika ya 87. Sikushangilia hata. Nilitoka mbio gizani bila tochi nikaingia kwa mzee amekaa kitandani anavua kiatu, kiatu kimoja ameshavua. Nikamwambia "Baba, kijana wa Okoth amefunga." Aliniangalia. Akachukua kile kiatu akaanza kukivaa tena, polepole, anafunga kamba vizuri, namwambia baba twende hivyo hivyo, akasema hapana, siendi kumuona mtoto wa mtu na mguu mmoja. Tulifika wakiinua kombe. Akasimama hakukaa mpaka wakamaliza.

Na mkumbuke Mariga pia, kaka yake Wanyama, alikuwa benchi la Inter 2010 Bernabéu siku Milito alifunga mbili. Hizo familia mbili zimetupatia mengi sana.

#8, Unguja

Mie 2014, Lisbon, nlikuwa Atletico kwa ajili ya mjomba. Godin katangulia, zimebaki dakika za nyongeza tu, mjomba akasema anakwenda kutia udhu asali rakaa mbili za shukrani. Ramos wa Real Madrid kafunga dakika ya 93 mjomba yuko birikani. Karudi uso unachuruzika maji, kaiona moja moja kwenye tv, hakusema neno, akageuka akenda kusali vilevile. Sala ile imempita Bale, imempita Marcelo, na Ronaldo wa penalti. Katoka zishakuwa nne moja akauliza "wameshinda?" nikamwambia la mjomba. Akasema alhamdulillah, akakaa akatazama wakipewa kombe.

#9, mwanzisha uzi

Wakuu uzi huu nimemtumia braza. Yeye sasa ni dereva wa malori, yuko foleni Tunduma tangu juzi, kausoma wote, kanipigia saa hii.

Nilimuuliza kitu ambacho miaka yote sijawahi kumuuliza. Ile penalti ya Riise, Dida aliyoipangua, ilikuwa zamu yake kwenye tundu. Za Hamann, Cissé na Smicer alinisimulia zote neno kwa neno, ya Riise aliondoka tu kwenye bati akanisukuma nikachungulie, kimya. Nilidhani hakutaka nikate tamaa.

Kanambia hakuiona. Riise alipoanza kukimbia yeye alifumba jicho, akasikia watu ndani wameguna, basi. Kwa hiyo ile penalti hakuna aliyeiona kati yetu.