Nataka kupika mbege mwenyewe hapa Dar, nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Kibosho:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni Mchagga wa kuzaliwa Dar, nakaa Kimara. Mdogo wangu anaposa kwa Wachagga wenzetu wanaoishi Goba, na baba mdogo ameshatamka kwenye simu: kreti za bia zitakuwepo, lakini wazee wa ukweni lazima wakute mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mezani.

Najua pa kununua hapa mjini. Tatizo, nilizoonja nyingi zina sukari na hamira, ukiamka kichwa kinagonga. Sitaki kupeleka aibu ukweni. Nataka nijifunze sasa, nijaribu kidogo kidogo, siku ikifika niwe nimeshajua.

Nilicho nacho: ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, sufuria la shughuli nitaazima kwa jirani, jiko la mkaa lipo. Maswali: ndizi gani? Uji wa ulezi unaingia lini? Msesewe, lile gamba chungu la mti, ni lazima? Bibi aliyekuwa anajua hayupo tena, na mama mzazi hajawahi kupika, alikuwa anatumwa kuni tu.

Dume_la_Mbezi:
Mangi, nunua kreti mbili zaidi, posa iende. Wazee wakishiba nyama hawakumbuki mbege.

Mama_Kimea:
Dume, wewe hujakaa na wazee wa Kibosho. Wanakumbuka hadi mbege ya harusi ya mwaka 1974 ilikuwa chachu.

Mwanangu, umefanya vizuri kutaja ulezi, maana wengi huniuliza habari za ndizi tu. Nilipika na kuuza kule nyumbani miaka mingi kabla wanangu hawajanileta huku Tabata. Nakueleza ninavyofanya mimi. Wa Rombo na wa Machame watakuja kunipinga, waache waje.

Mbege ni vyungu viwili vinavyokutana mwishoni. Kimoja cha ndizi, nyalu. Kingine cha ulezi, mso. Anza na ulezi kwa sababu ndio unaochukua muda. Nenda Tandale au Kariakoo, tafuta ulezi mzima wa msimu huu. Ulezi mkongwe hauoti, na muuzaji hatakwambia. Nunua kiganja kimoja kwanza, kiloweke nyumbani kwenye kitambaa. Kikiota, rudi ukachukue kilo tatu kwenye gunia lile lile.

Uloweke usiku na mchana, mwaga maji, utandaze juu ya gunia safi kivulini, ufunike kwa gunia jingine lililoloana. Asubuhi na jioni nyunyiza maji na uugeuze kwa mkono usije ukashikana. Siku ya pili au ya tatu utaona vimizizi vyeupe. Hapo hapo uanike juani ukauke kabisa, kisha usugue vimizizi vidondoke. Ukiona ukungu, wa kijani au mweusi, tupa wote. Usianze kuchambua chambua eti huku kuzuri. Mashineni mwambie akusagie wa chenga kidogo, sio laini kama wa uji wa mtoto.

Ndizi utapata Mahakama ya Ndizi pale Mabibo. Kwetu tunapenda ndizi ng'ombe, zilizovundikwa zikaiva mpaka ganda likaingia madoa meusi. Ukikosa, hata kisukari inakubali, ila utamu wake ni mwingi. Ndizi iliyoiva nusu usiiguse, utapata supu.

Menya, jaza nusu ya sufuria, maji yapite juu ya ndizi kwa upana wa kiganja. Moto wa wastani, na usiziponde. Ukiziponda utahangaika na uzito wake siku ya kuchuja. Unachemsha mpaka rangi igeuke wekundu wa kahawia. Kwa mkaa ni kazi ya asubuhi mpaka alasiri, kwa hiyo usijipangie safari. Acha zipoe mle mle, hamishia kwenye ndoo, funika kwa kitambaa safi, sio mfuniko wa kubana.

Kule mlimani kwenye baridi tunaiacha siku tano, hata wiki. Dar usithubutu. Kuanzia siku ya tatu onja kila jioni. Nyalu iliyokuwa tayari imepoteza utamu wa jamu, inauma ulimi kidogo, na povu lake limeanza kutulia. Ichuje kwa kitambaa, kamua taratibu.

Siku hiyo hiyo unapika mso. Chukua ule unga wa kimea, yaani wa ulezi ulioota, upike uji mwepesi, uive. Lakini vikombe viwili vya unga viweke pembeni, visipande motoni. Uji ukipoa kiasi cha kidole kuvumilia kwa taabu, tia ule unga mbichi, koroga, funika. Baada ya muda utaona uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu bila sukari. Sasa subiri upoe kabisa, narudia, kabisa, ndipo uchanganye na nyalu. Unachanganya jioni, asubuhi unakunywa. Siku ya pili ni kali. Siku ya tatu wape wenye vichwa vigumu.

Msesewe sio lazima kwa anayejifunza. Ukipata gamba lake kutoka nyumbani, chemsha kipande kidogo pembeni, halafu maji yake utie kwenye mso kidogo kidogo huku unaonja. Uchungu ukizidi hauondoki. Hamira hapana. Sukari hapana. Ukitia hivyo usiseme umefundishwa na mimi.

Mchachushaji:
Mama kamaliza, shikamoo. Nilisoma sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, naongeza machache ya maabara.

Ule unga mbichi ni ujuzi mkubwa. Ulezi unapoota unatengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Vinafanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hivi, ukivichemsha vinakufa. Unga uliopikwa unakupa wanga uliolainika, na ule mbichi unaleta vimeng'enya vya kuukata. Ndio maana uji unalegea.

Jambo la pili ni chachu. Kule kwa bibi vyombo vilikuwa havikauki mbege, chachu inaishi humo. Ndoo yako mpya haina kitu. Kwa mara ya kwanza omba kikombe cha machicha mabichi kwa mpishi ambaye mbege yake umeipenda, utie kwenye nyalu ikishapoa. Vinginevyo unabahatisha vijidudu vya hewani, na wakati mwingine siki inawahi kabla ya kilevi. Ndoo ziwe za chakula. Iliyowahi kubeba rangi au dawa ya shamba haifai hata ukiiosha na jiki.

Kuhusu ukungu, mama hatanii. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilisemwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ukaja kuonyesha ni sumu ya bakteria waliokuwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Nafaka yenye shaka usiipe nafasi.

Msesewe kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa dawa ya presha ya reserpine mwaka 1952. Kama wazee wa ukweni wanameza dawa za presha, mimi ningeuacha kabisa. Na kabla hujauliza: hofu ya kupofuka macho ni ya gongo, hasa iliyochanganywa na spiriti ya viwandani. Mbege haikenekwi, yaani haigeuzwi mvuke na kukusanywa kama gongo.

Kagera_Moja:
Nyie Wachagga mnapenda kuteseka. Mnachemsha ndizi siku nzima za nini? Kwetu Bukoba ndizi mbivu zinamenywa, zinaingia kwenye mtumbwi na nyasi, zinakanyagwa mbichi mpaka juisi itoke. Unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika na majani ya migomba, kesho yake rubisi iko tayari. Mkaa unabaki stoo.

Mama_Kimea:
Na miguu ya kukanyaga nayo inachemshwa? Nakutania mwanangu, rubisi nimekunywa, ni nzuri. Ila huyu anakwenda kwa Wachagga.

Mjukuu_wa_Kibosho:
Mama, shikamoo na asante sana. Mchachushaji nawe mkuu, asante, nimeandika yote. Jumamosi hii naanza na kiganja cha ulezi. Swali moja: kutoka Kimara hadi Goba nitapakia kwenye gari dogo, foleni unaijua. Nikishachanganya usiku, asubuhi nibebe kwenye madumu?

Mama_Kimea:
Marahaba. Usifanye hivyo. Mbege iliyochanganywa inafanya kazi usiku kucha, ukiibana kwenye dumu kwa jua la saa nne, mfuniko utaruka na viti vya gari vitanywa kabla ya wazee. Beba nyalu peke yake na mso peke yake, vyote vimepoa, madumu yasijae hadi shingoni na mifuniko uilegeze. Vipeleke Ijumaa jioni, uchanganyie kule kule, dada yako alale huko avilinde. Hesabu kurudi nyuma: ndizi zichemshwe Jumatatu, ulezi uwe umesagwa tangu wiki iliyotangulia.

Na kata za kunywea uziulizie mapema. Baba mdogo aje nazo kutoka nyumbani, vikombe vya plastiki wazee watavitazama tu. Machicha usitupe, wenye mbuzi hapo Kimara watakuja kuyachukua wenyewe.