Mrejesho: Nilivyokuja Marekani kusomea usemi, lugha na usikivu

Wakuu, habari za siku. Mwaka juzi niliuliza kama digrii ya kwanza ya fani hii inatosha kumhudumia mwenye kigugumizi huku Marekani. Haitoshi, na yule aliyenionya hakukosea. Mtaalamu wa tiba ya usemi anadaiwa shahada ya uzamili na saa 400 za kliniki, 25 kati yake za kutazama tu. Upande wa usikivu ndiyo kabisa: udaktari wa kama miaka minne juu ya digrii. Mimi nimo mwaka wa pili wa digrii ya kwanza, hesabuni wenyewe.

Ila masomo matamu! Anatomia ya koo na sikio ilinitoa jasho. Kwenye fonetiki, somo la sauti za lugha, nikatamba. Mwalimu aliniomba nitamke "ng'ombe", darasa zima likahangaika. Sauti ile wanayo mwishoni mwa maneno yao, mwanzoni hawana. Kisha akanionyesha kuwa b ya "baba" tunaitamka kwa kuvuta hewa ndani. Miaka yote hiyo, sikujua.

Aliyeuliza kuhusu pesa: viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi za chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Naosha vyombo bwaloni. Napata ya matumizi, ada hapana. Bila ufadhili nisingethubutu.

Halafu kuna mtu alinishauri nikatibiwe lafudhi. Wiki hiyohiyo tukafundishwa kuwa lafudhi si ugonjwa. Nilicheka peke yangu kwenye basi.