KANU ilibakije madarakani 1982–1991 huku uchaguzi ukifanyika?

Mdadisi wa Katiba aliuliza:

Habari wakuu. Kuna kitu kimoja ambacho hakijanikaa sawa kuhusu Kenya ilipokuwa chini ya chama kimoja, KANU. Wananchi walipiga kura 1983 na tena 1988, na wabunge wengi waliokuwa vitini walibwagwa, mawaziri wakiwemo. Nchi nyingi za chama kimoja hazikuthubutu hilo. Sasa kufuli lenyewe lilikuwa wapi? Ni polisi na vyumba vya mateso chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, peke yake, au kulikuwa na mtambo ndani ya sheria na ndani ya chama? Naomba majibu ya hatua kwa hatua. "Rais Moi alikuwa dikteta" najua.

Karani Mstaafu:

Kufuli lilikuwa kwenye uanachama. Tarehe 9 Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha katiba: Kenya itakuwa na chama kimoja tu, nacho ni KANU. Mswada uliwasilishwa na waziri Charles Njonjo, makamu wa rais Mwai Kibaki akauunga mkono. Mwezi mmoja kabla yake Oginga Odinga, makamu wa rais wa zamani, alikuwa ameshafukuzwa KANU, kwa sababu yeye na mwanasiasa George Anyona walikuwa wanataka kuanzisha chama kingine.

Soma kifungu hicho pamoja na sharti kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama. Anayefukuzwa chamani hawezi kugombea popote, na kama ni mbunge, kiti kinamtoka. Hakuna haja ya kumshtaki wala kumshinda kwa kura. Kikao cha nidhamu kinakaa, barua inaandikwa, mtu ameisha kisiasa. Ndiyo maana kamati ya nidhamu ya KANU iliyoongozwa na Okiki Amayo iliogopwa na mawaziri kuliko mahakama yoyote.

Kwa hiyo kuanguka kwa wabunge hakukuitisha ikulu hata kidogo. Walioanguka ni KANU, waliowashinda ni KANU, na wote walijua nani anaweza kuwaandikia barua. Tena kulisaidia: hasira ya wananchi juu ya barabara na maji ilimwishia mbunge. Rais mwenyewe hakupigiwa kura. Mwaka 1979, 1983 na 1988 alikuwa mgombea pekee, akatangazwa amepita bila kupingwa.

Baada ya hapo zikafuata nafasi ambazo zingeweza kusema hapana. Marekebisho ya 1986 yaliwaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ile kinga ya kutoondolewa kazini bila utaratibu maalumu. Ya 1988 yakawafikia majaji na Tume ya Utumishi wa Umma, na hapohapo polisi wakaruhusiwa kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 badala ya saa 24. Rais hakulazimika kuwafukuza majaji. Ilitosha kila jaji ajue kwamba anaweza kufukuzwa.

Wakala wa Kituo:

Karani amegusa uanachama, ila bila mlolongo picha haijakamilika. Mwaka 1986 KANU iliamua mchujo ufanyike kwa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake aliyeshika picha, badala ya kura ya siri. Viongozi wa makanisa walipinga wazi. Ulitumika kwa mchujo wa uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza Februari 1988.

Ulivyofanya kazi: wanaopanga ni wanachama wa KANU tu. Anayehesabu na kutangaza yuko chini ya utawala wa mkoa, yaani DC (mkuu wa wilaya) na watu wake, wanaoteuliwa kutoka juu. Akipata zaidi ya asilimia 70 mgombea huhesabiwa amechaguliwa moja kwa moja, kura ya siri ya uchaguzi wenyewe, Machi, haimhusu tena. Asilimia hiyo ni ya waliojitokeza kwenye foleni, si ya wapiga kura wote wa jimbo. Foleni ya watu wachache iliweza kumpitisha mbunge.

Sasa angalia palipoharibika. Watu wakishatawanyika hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna cha kuhesabu upya. Foleni ndefu ikitangazwa ndiyo fupi, ushahidi umeshaondoka kwenda sokoni. Na mwalimu, muuza duka mwenye leseni, karani wa wilaya, wote wanaonekana wamesimama nyuma ya nani, huku chifu akitazama.

Wizi ukazidi kiasi hata walio ndani wakashindwa kunyamaza. Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba 1988 kwa sababu ya uchaguzi wa chama ulivyoendeshwa kwao. Akafukuzwa KANU, kiti kikaenda. Utaratibu uleule wa Karani.

Mdadisi wa Katiba:

Shukrani sana. Lakini je, wale walio nje ya siasa za uchaguzi? Vyama vya wafanyakazi, wanawake, wanafunzi?

Karani Mstaafu:

Ama walimezwa ama walifungiwa. Chama cha wafanyakazi wa serikali na kile cha wahadhiri wa chuo kikuu vilipigwa marufuku 1980, na mwaka huohuo vyama vya kikabila kama GEMA (cha Wakikuyu, Waembu na Wameru) vikaambiwa vivunjwe. Maendeleo ya Wanawake, jumuiya kubwa ya akina mama, iliunganishwa na KANU 1987. Mkutano wowote wa hadhara ulihitaji leseni ya DC, kwa hiyo hata kabla ya polisi kufika, mkutano wenyewe ulikuwa kosa. Vijana wa KANU wakakagua kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya matatu.

Mzee wa Pwani:

Ndugu zangu, mnampa Moi sifa za kazi ya aliyemtangulia, Kenyatta. KADU, chama cha upinzani, ilijivunja Novemba 1964 bila sheria yoyote, wabunge wakavuka upande wenye vyeo. Odinga alipoanzisha chama chake cha KPU 1966, Bunge lilibadilisha katiba upesi ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka ni ya mwaka huohuo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa nchi nzima eti zimejazwa vibaya. Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku. Kwa miaka 13 Kenya ilikuwa na chama kimoja bila kuandika popote. Kifungu cha 2A kilikuja pale tu ambapo mtu alitaka kujaribu.

Mtanganyika:

Kwa kulinganisha: huku kwetu chama kimoja kiliandikwa mapema, Katiba ya Muda ya 1965. Kila jimbo la Tanganyika lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, chama tawala, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja kwenye mikutano ileile na wakakatazwa kugusa kabila, rangi wala dini. Kura ilikuwa ya siri kweli, na Paul Bomani akiwa waziri wa fedha alianguka. Ila majina hayo mawili yalipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU, na rais alipigiwa ndiyo au hapana. Oktoba 1968 wabunge kadhaa wakorofi walifukuzwa TANU na viti vikawatoka. Bila mlolongo, lakini kitasa kilekile. Naona tofauti ni kwamba TANU ilizuia mlangoni na ikaacha hesabu ya kura, KANU ya 1988 ikataka vyote viwili. Hapo ndipo ilipojiumiza.

Wakala wa Kituo:

Nakubali kabisa na Mtanganyika. Mlolongo ulizalisha watu wengi wenye pesa na majina waliofungiwa nje kwa wakati mmoja. Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini Julai 1990, siku chache kabla ya Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi uliopangwa tarehe 7 Julai pale Kamukunji, Nairobi, na bado haikuzima. Mwisho wa 1990 KANU ikaachana na mlolongo, majaji wakarudishiwa kinga yao. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa.

Ila usidhani madaraka yaliondoka na kifungu. Ma-DC walibaki, leseni za mikutano zilibaki hadi 1997, na 1992 ikaongezwa sharti kwamba rais apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Katika uchaguzi wa mwaka huohuo upinzani ukagawanyika kwa vyama: Matiba FORD-Asili, Odinga FORD-Kenya, Kibaki DP. Moi akapita kwa takriban asilimia 36 ya kura, na KANU ikachukua viti 100 kati ya 188.